Mpeleke mtoto wa mbwa darasani akiwa bado mdogo

Ukinunua mtoto wa mbwa leo Kampala au Jinja na kuulizia mafunzo, wengi watakuambia usubiri afikishe miezi sita. Ushauri huo umezoeleka, na umeharibu mbwa wengi wazuri. Unafaa kwa mbwa wa kazi, wale wa kunusa na kukamata, ambao kweli lazima wakomae mwili kwanza. Kuzoea watu, kelele, magari, mbwa wenzake na mikono ya daktari ni somo lingine, na wakati wake ni kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi. Katika kipindi hicho kibwa hupokea mambo mapya bila woga mwingi. Alichokutana nacho kwa raha atakiona cha kawaida ukubwani. Asichokutana nacho atakishuku, na mbwa mwenye woga ndiye anayeuma.

Sasa piga hesabu. Kibwa haachishwi mama kabla ya wiki 8. Ukimleta nyumbani akiwa na wiki 8, zimebaki sita tu. Darasa la vibwa, yaani la umri wa wiki 8 hadi 16, kwa kawaida ni saa moja kila wiki kwa muda wa wiki sita. Ukianza kuulizia baada ya kumleta, wiki mbili au tatu zitakuwa zimekwenda bure. Tafuta darasa kwanza, mbwa baadaye.

Chanjo: usiende bila, usingoje zote

Kinachowazuia watu ni parvo, na wana haki ya kuiogopa. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na kibwa anayeharisha damu anaweza kufa ndani ya siku chache. Lakini hebu tazama chanjo inavyofanya kazi. Kibwa huzaliwa na kupewa kinga na mama yake kupitia maziwa ya kwanza. Kinga hiyo hiyo huizuia chanjo isishike, na hakuna anayeweza kuona kwa macho siku inapokwisha. Ndiyo sababu chanjo ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine hatari wa mbwa) huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, na ya mwisho haitolewi kabla ya wiki ya 16. Ukingoja hiyo ya mwisho ndipo umtoe nje, umri wa kuzoea mambo umeshapita.

Njia ya katikati ilitolewa mwaka 2008 na chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulika na tabia za wanyama: kibwa aingie darasani akiwa amechanjwa angalau mara moja, siku 7 au zaidi kabla ya somo la kwanza, na awe amekwisha kupewa dawa ya minyoo. Sharti hilo liwahusu vibwa wote wa darasa. Mwalimu asiyedai kadi kwa kila mmoja mlangoni, usimwachie mbwa wako.

Kadi yenyewe isome. Kadi inayoaminika ina stika ndogo iliyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha siku ya kuchanjwa, sahihi na muhuri wa daktari. Kadi ya tiki za kalamu uliyopewa na muuzaji kando ya barabara ihesabu kuwa haipo, uanze upya. Kuchanjwa tena hakumdhuru mbwa. Ukifika kwa daktari wa mifugo, tazama chanjo anaitoa wapi. Inatakiwa iwe kwenye friji au boksi la barafu, nyuzi joto 2 hadi 8. Umeme ukikatika mchana kutwa na hapana barafu wala jenereta, dawa imeharibika ingawa chupa inaonekana nzima. Kuuliza hilo si kumkosea daktari adabu.

Dawa ya minyoo hutolewa wiki ya 2, 4, 6 na 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3 na hurudiwa baada ya mwaka. Hiyo haina mjadala katika nchi ambayo ugonjwa huu bado unaua watu. Na kupe: tumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya vibwa wa umri na uzito wa wako. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo wengi huichanganya kwa kukisia na kummwagia mbwa, humdhuru kibwa kabla hata kupe hawajaanguka.

Kuchagua darasa

Mara ya kwanza nenda bila mbwa. Kaa pembeni nusu saa utazame mikia. Vibwa wengi wakiwa na mikia imelegea au inatikisika, wanachukua chakula mikononi, wanalala chini kati ya zoezi na zoezi, hapo pana amani. Ukiona mikia imefichwa miguuni, wanapiga miayo bila usingizi, wanalamba midomo ovyo na kugeuza nyuso, ondoka. Hesabu pia: mwalimu mmoja asizidishe vibwa sita hadi wanane. Sakafu ya saruji inayooshwa kwa klorini ni salama kuliko uwanja wa majani ambao mbwa wa mtaa hupita usiku.

Muulize mwalimu swali moja: kibwa akikosea, unafanya nini? Mwalimu anayejua kazi atasema anafanya zoezi kuwa rahisi zaidi, anasogea mbali na kinachomsumbua, au anangoja. Ukisikia habari za mnyororo wa kukaza shingo, kiboko, kumnyanyua kwa kamba au kumgandamiza chini ili ajue nani bwana, mshukuru na uende zako. Kibwa anayepigwa hujifunza upesi, ila anachojifunza ni kwamba mkono wa mtu unaumiza. Siku mtoto wa jirani atakaponyoosha mkono kumpapasa, utayaona matokeo ya mafunzo hayo.

Wapo pia wakufunzi wanaomchukua mbwa kwao mwezi mzima na kukurudishia amekwisha funzwa. Kwa kibwa hatushauri hata kidogo. Anarudi akimtii mkufunzi, wewe hujui alivyofundishwa, na baada ya wiki mbili mko pale pale. Zaidi ya hapo, wiki zake za thamani amezipitisha kwenye kibanda cha ugenini.

Hapa lazima tuseme wazi kuhusu kibanda. Ipo imani kwamba mbwa wa ulinzi hutengenezwa kwa kufungiwa gizani mchana kutwa asimwone mtu, afunguliwe usiku tu. Mbwa huyo huwa mwoga, na woga hauchagui: anamuuma fundi wa maji, shangazi aliyekuja kusalimu, mtoto wa nyumba aliyetoka usiku kwenda msalani. Mlinzi mzuri ni yule anayezijua sura, harufu na sauti za kawaida kiasi kwamba isiyo ya kawaida anaitambua mara moja. Hiyo ndiyo kazi ya darasa, hata kwa Rottweiler au Boerboel wa geti.

Wala darasa si la mbwa wa kizungu peke yao. Huko Gulu, The Comfort Dog Project imekuwa ikiwafunza mbwa wa kienyeji, wakiwemo waliokuwa wametupwa, na kuwaunganisha na watu waliojeruhiwa nafsi na vita vya kaskazini mwa Uganda. Mbwa wa kienyeji hujifunza vizuri kabisa. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kumfundisha.

Kwa Kampala, pa kuanzia kuuliza ni kliniki ya mbwa wako, kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere, au USPCA, chama kinachotunza wanyama waliotelekezwa. Ukiwa Mbale, Arua au Fort Portal na hakuna darasa, lianzishe: vibwa wanne au watano waliochanjwa, ua mmoja wenye uzio ambao haujawahi kuwa na mbwa mgonjwa, na mtu mmoja mzima asiye na mbwa wa kushika, ambaye kazi yake ni kutazama tu na kusema pale mchezo unapozidi. Yote yanayofuata hapa yanafanyika hivyo pia.

Vitu vya kubeba

Mkanda wa shingoni uwe bapa, wa kitambaa au ngozi laini. Ukiufunga, vidole viwili vipite chini yake kwa shida kidogo. Vitatu vikipita, atarudi kinyumenyume na kuuvua kichwani katikati ya barabara. Kibwa hukua haraka, kwa hiyo pima kila Jumamosi. Kamba iwe ya mita 1.5 hadi 2, ya utepe wa nailoni au pamba. Kamba ya katani inachoma viganja akivuta, na mnyororo una uzito na kelele zinazomtisha. Kibwa anayevuta sana au mwenye shingo nyembamba avalishwe mkanda wa kifuani.

Chukua pia kipande cha gunia safi au mkeka mdogo wa kumlaza, bakuli lake mwenyewe la maji (usitumie la wote), kaveera (mifuko ya plastiki) tatu za kuzolea mavi, na kitambaa. Kitu kimoja kuhusu matandiko: ukiyaanika nje au kuyatandaza kwenye majani, yapige pasi pande zote kabla ya kumlazia. Kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi na udongo wenye unyevu, na funza wake huingia ngozini mwa mbwa kama wanavyomwingia mtu.

Sasa chakula cha zawadi, maana bila hicho hakuna darasa. Biskuti kavu haitoshi mahali penye mbwa wengine saba. Nunua ini la ng'ombe robo kilo, lichemshe dakika kumi bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), liache lipoe kabisa ndipo ulikate. Likiwa la moto linavurugika. Kata vipande vya nusu ya punje ya maharage. Vinaonekana vidogo mno, lakini hapo ndipo siri ilipo: kibwa humeza mara moja na kukutazama tena, wakati kipande kikubwa humfanya atafune, adondoshe, anuse chini, na zoezi limekatika. Robo kilo itatoa vipande mia tatu hivi. Somo moja litakula themanini hadi mia. Vingine gandisha kwenye friji. Ini likizidi huharisha, kwa hiyo changanya na mukene (dagaa) waliokaangwa bila mafuta na kuvunjwa vipande. Chagua mukene wa kupikwa, kwa sababu wale wa chakula cha kuku huja na mchanga. Jumla ya zawadi isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Siku ya darasa punguza kidogo posho yake, yaani chakula chake cha kawaida.

Kubaliana maneno nyumbani

Nyumba nyingi za Uganda zina lugha tatu. Mama anasema *tuula*, watoto wanasema *sit*, askari wa geti anasema *kaa chini*, na mbwa anatazama midomo tu. Kaeni mchague lugha moja, muyaandike maneno na kuyabandika mlangoni.

Mkichagua Kiswahili, jihadharini na neno *kaa*. Kwetu lina maana mbili: weka makalio chini, na baki hapo hapo. Mbwa hawezi kutenganisha. Tumia *keti* kwa kukaa chini na *ngoja* kwa kubaki. *Lala* ni lala, *njoo* ni njoo, *acha* ni kuachia au kutoshika. Na jina lake lisifanane na amri: mbwa anayeitwa Simba atachanganyikiwa na *simama*, kwa sababu yeye husikia mwanzo wa neno na kuanza kutenda.

Mnahitaji pia neno la kumwambia "hapo hapo, umepata". Liwe fupi, kali, na lisemwe vile vile kila mara. *Ewaa!* linafaa sana.

Kufika

Mpe chakula kidogo, kisha upite muda wa saa tatu au nne kabla ya kutoka. Akila karibu zaidi atatapika njiani, na akishiba hatajali ini lako. Dakika kumi kabla ya safari mpeleke ajisaidie.

Kwenye bodaboda asikae kwenye tangi mbele ya dereva wala kubanwa kwapani. Mtie kwenye kikapu chenye kifuniko au boksi imara lililotobolewa matundu, wewe ulipakate, na umwambie dereva mapema kuna nini ndani ili aende taratibu. Kwenye teksi za abiria mwombe kondakta kabla ya kupanda, ukae dirishani, na usikasirike akikataa, ngoja nyingine. Popote penye mbwa wengi wasiojulikana, stendi, sokoni, kando ya mitaro, mbebe mikononi. Mahali kama hapo asikanyage chini hadi chanjo zikamilike. Akiwa mikononi mwako anaona na kusikia yote: honi, wapiga debe, kalooli (korongo) wakubwa juu ya jalala, spika za mahubiri, adhana. Mpe kipande kimoja cha ini kila kinapotokea kitu kipya. Hilo nalo ni somo, na halina ada.

Fika dakika kumi na tano mapema. Saa nzuri ni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, uliza kama darasa lina paa, vinginevyo utalipia masomo ambayo hayatafanyika.

Somo la kwanza

Usimkimbize kusalimia wenzake. Keti mita tatu au nne kutoka kwa kibwa aliye karibu, mweke kwenye gunia lake, umwache atazame. Anayejificha chini ya kiti hana kiburi, anaogopa. Sogea mbali zaidi hadi atakapokubali kula. Chakula ndicho kipimo. Kibwa anayekataa ini amezidiwa, na hakuna atakachojifunza kabla ya kutulia. Usimvute atoke, wala usimruhusu mtu mwingine amvute.

Zoezi la kwanza ni kulipa neno *Ewaa* thamani. Sema *Ewaa!*, halafu mpe kipande ndani ya sekunde moja. Mkono usitangulie neno. Rudia mara kumi, pumzika, kumi tena. Ukisema na akageuka haraka kukutafuta, limeshika.

Kisha *keti*. Fanya hivi:

1. Shika kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, kiguse puani pake.
2. Kinyanyue polepole kuelekea nyuma, katikati ya masikio. Pua inapopanda, makalio hushuka yenyewe.
3. Yakigusa chini tu, *Ewaa!*, kipande kinywani.
4. Baada ya mara tano, fanya mwendo ule ule na mkono mtupu. Zawadi itoke mkono wa pili.
5. Akifaulu mara nane kati ya kumi, ndipo uanze kusema *keti*, mara moja, kabla ya mkono kusogea.

Akiruka, mkono wako uko juu mno. Akirudi nyuma badala ya kuketi, mfanyie karibu na ukuta. Usimsukume kiunoni, viungo vyake bado ni laini, na anayesukumwa hukaza. Kosa la watu wengi ni kusema "keti, keti, keti, we keti!" Kibwa hujifunza kwamba amri ni lile neno la nne.

*Njoo* inafundishwa na watu wawili waliochuchumaa mita mbili mbali, wakipokezana kumwita na kumlipa vizuri, vipande vitatu mfululizo. Ongezeni mita moja kila siku. Neno hili lina adui mmoja mkubwa katika nyumba zetu: kibanda. Mbwa huitwa *njoo* asubuhi, akafungiwa. Siku tatu zikipita anasimama mbali akikutazama. Mwite mara kumi kwa siku, mara tisa alipwe na kuachiwa aendelee na mambo yake. Ya kumi iishie kibandani ambamo umeshaweka chakula. Kwa kuoga au dawa usimwite, mfuate umchukue.

Mchezo wa huru, bila kamba, ndio sehemu inayohitaji mwalimu mwenye macho. Vibwa wawili au watatu wa nguvu zinazolingana, dakika moja au mbili, kisha kila mtu amwite wake, ampe zawadi, na kumwachia tena. Ukiwa na shaka kama mchezo umegeuka uonevu, mshike yule mwenye nguvu. Mdogo akimrudia mwenyewe, walikuwa wanacheza. Akikimbilia kwa anayemfuga, alikuwa anaonewa. Hapo ndipo vibwa hujifunza pia nguvu ya meno: akiuma sana, mwenzake analia na mchezo unakatika.

Na kila somo liwe na dakika chache za kushikwa: fungua mdomo, tazama masikio, tenganisha vidole vya miguu, kipande kila baada ya mguso. Kwa Uganda hili ni la lazima, maana kupe hujificha hapo hapo, masikioni na kati ya vidole, na utawatafuta kila siku ya maisha yake.

Kati ya somo na somo

Dakika tatu hadi tano, mara tatu kwa siku, zinashinda saa nzima ya Jumapili. Siku ya darasa mwache alale. Kibwa anahitaji saa 18 hadi 20 za usingizi, na aliyechoka huuma ovyo kama mtoto asiyelala.

Anayeshinda na mbwa ndiye anayemfundisha, apende asipende. Kama ni askari au dada wa kazi, mlipie nauli aje darasani angalau mara mbili. Tusiwafanye watu hawa walishaji tu halafu tushangae mbwa hasikii.

Watoto wapunguze kukimbia. Kibwa hufuata kinachopepea: pindo la gomesi (vazi refu la kike), kanzu, kamba za viatu. Akishika, simama kabisa, usivute nguo, maana kuvuta ni mchezo. Akiachia, *Ewaa*. Akiuma mkono, ondoka umgeuzie mgongo sekunde kumi au ishirini. Meno ya utoto huanza kung'oka akiwa na miezi 4 hivi na kazi hiyo huisha akiwa na miezi 6 au 7, kwa hiyo subira inahitajika. Meno yakimtoboa mtu ngozi, hata kama ni kibwa mdogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wageni nao wana haki zao. Jirani Mwislamu akiguswa na mate ya mbwa inampasa kujitoharisha, na hapaswi kuomba radhi kwa kurudi nyuma. Mfundishe kibwa kuketi kila mtu anapokaribia na kumlipa akiwa ameketi. Fupisha kamba mnapopita watu njiani. Mbwa aliyeketi hawezi kurukia kanzu ya mtu anayekwenda msikitini.

Kuku ni suala la uhai wake. Mbwa anayekamata kuku wa jirani huishia kuwekewa sumu. Anza akiwa na wiki 10: kamba mkononi, kuku wakiwa mita kumi, kila anapowatazama kisha akakugeukia, *Ewaa* na ini. Sogea mita moja kwa siku kadhaa. Akishaanza kukaza mwili na kukodoa, umekaribia mno, rudi nyuma. Usimwachie awafukuze "mara moja tu aone": kufukuza kunamfurahisha kuliko ini lolote.

Mambo yakiharibika

Akirudi kutoka darasani na katika siku tatu hadi saba akaacha kula, akatapika, akalegea au kuharisha, hasa kwa damu, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo na uwapigie simu wenzako wa darasa. Usingoje kesho, wala usimpe maziwa na mafuta ya kupikia. Bakuli, sakafu na viatu vioshwe kwa sabuni kwanza, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya uchafu, kisha vilowekwe dakika kumi: sehemu 1 ya klorini kwa 30 za maji ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, au kwa 20 ikiwa ni asilimia 3.5.

Ukikosa somo moja, usikate tamaa ukaacha yote. Mwombe mwalimu akuonyeshe mazoezi ya wiki hiyo na uyafanye nyumbani. Kibwa akibweka darasa zima, omba kukaa nyuma ya pazia la shuka au boma la viti, mahali anaposikia bila kuona, na umsogeze kidogo kidogo.

Kati ya miezi 6 na 12 utadhani amesahau yote. Utamwita, atakutazama, na kuondoka kunusa ukuta. Hajasahau, mwili umebadilika na dunia imekuwa na harufu zaidi. Mrudishe kwenye kamba ya mita mbili, rudi kwenye ini badala ya posho, na uanze *njoo* upya kutoka mita mbili.